Mtulivu Sana

Bibi alinyoosha mkono kabla sijafika nusu ya karatasi niliyopewa. Alikuwa amekaa benchi la nyuma, karibu na mlango, amejifunika kanga mbili, maana asubuhi za Kilema zina baridi hata Januari. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akasema:

"Mwanangu, hiyo kozi unayotueleza ni kama dawa. Tumekuelewa. Sasa tuambie, mjukuu wangu anaumwa nini?"

Wazazi wakacheka. Nami nikacheka. Bibi hakucheka. Akaendelea: "Septemba alifanya mtihani. Majibu yalipotoka tukaambiwa amefaulu, ana akili. Desemba nimekaa naye nyumbani, hajaanguka mahali akagonga kichwa. Januari mnasema anahitaji kusaidiwa. Nauliza tu."

Kilikuwa kikao cha wazazi wa kidato cha kwanza, Januari 2025, katika shule moja ya kata huku kwetu. Nilikuwa likizo. Nasoma Dar es Salaam, shahada ya uzamili katika falsafa ya elimu, na mkuu wa shule aliposikia nimepanda mlimani aliniomba niwaeleze wazazi kuhusu kozi ya awali ya Kiingereza. Mwalimu wa taaluma alikuwa ameniandikia mambo manne. Kwamba watoto waliotoka shule za msingi zinazofundisha kwa Kiswahili watasoma Kiingereza kwanza, wiki kadhaa, kabla ya kuanza masomo yenyewe. Kwamba watakaoonekana dhaifu watabaki saa moja jioni na kuja Jumamosi. Kwamba mzazi ajitahidi kumnunulia mtoto kamusi. Na la nne, mzazi azungumze Kiingereza na mtoto nyumbani.

"Wewe ni mtoto wa hapa," mkuu aliniambia. "Wewe watakuelewa."

Nilimjibu bibi kwa dakika tano hivi. Nilitaja lugha ya kufundishia, nikataja mpito kutoka msingi kwenda sekondari, nikataja mazoea. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema ahsante, akakaa. Nilijua sijamjibu, na nadhani yeye alijua pia, ila huku kwetu mtu mzima hamwaibishi mtoto wa jirani mbele za watu mara mbili.

Tangu siku hiyo nimekuwa na swali moja ambalo halitoki. Unapomweleza mzazi jambo ambalo limeshaamuliwa juu ya mtoto wake, unamsaidia au unamtuliza? Darasani kwetu tungelipa swali hili jina refu na kulijadili muhula mzima. Mimi lina mahali lilipoanzia, na si darasani.

Niliingia kidato cha kwanza Januari 2012. Ada ya shule ya kutwa ya serikali wakati huo ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka, na mama aliilipa kwa kahawa na ndizi. Darasa la saba nilikuwa nimeshika nafasi ya pili shuleni. Nilijua usanisinuru. Nasema hivi si kwa kujisifu, ni kwa sababu ndilo neno lililoniumiza. Darasa la sita mwalimu alitutoa nje, akatusimamisha chini ya mgomba, akatueleza jani linavyotengeneza chakula kwa mwanga wa jua, na nililishika jambo lile mpaka leo. Sekondari mwalimu wa Baiolojia alisimama ubaoni akauliza, kwa Kiingereza, mimea hupataje chakula chake. Darasa zima likanyamaza. Nami nilinyamaza, na jibu ninalo, limekaa kichwani na hewa yake ya ukaa na maji yake na umbijani wake, halina mlango wa kutokea. Watoto watatu waliotoka shule za Inglishi midiamu walinyoosha mikono. Mmoja alijibu vibaya, lakini alijibu.

Baada ya wiki sita za kozi ya Kiingereza tulipewa ripoti ya kupeleka nyumbani. Haikuwa na alama. Ilikuwa karatasi moja yenye mistari ya maoni ya mwalimu wa darasa, yote kwa Kiingereza. Mama alimaliza darasa la saba. Anasoma Kiswahili vizuri, kanisani yeye ndiye husoma somo la kwanza watu wakikosekana. Ile karatasi aliigeuza mara mbili, akanirudishia. "Nisomee."

Mwalimu alikuwa ameandika kwamba mimi ni mkimya mno, siwezi kujieleza, nahitaji msaada mkubwa wa Kiingereza, na mzazi afike shuleni.

Nilimsomea hivi: "Anasema mimi ni mtulivu sana."

Kwa muda mrefu nilijitetea kwamba sikudanganya. Ukimya na utulivu si mbali. Tena Kiswahili chetu cha kila siku hakitofautishi sana, tunasema chai ina sukari sana tukimaanisha nzuri, na chai ina sukari sana tukimaanisha haifai. Lakini lugha ilinipa neno mno, na nililijua, na niliacha kulitumia kwa makusudi. Mistari mingine niliiruka. Pale palipoandikwa mzazi afike, nilisema wazazi wanakaribishwa.

Mama alifurahi. Mtoto mtulivu ni sifa kubwa kwa Mchaga, hasa kwa mtoto wa kike aliyelelewa na mama peke yake. Aliwaambia majirani. Wiki iliyofuata akakata mkungu wa ndizi mshare, akaubeba kichwani mpaka shuleni, akamwona mwalimu wa darasa na kumshukuru. Mwalimu akadhani ameitikia wito. Alimwambia tutashirikiana, mama akamwambia Mungu akubariki. Wakaagana vizuri. Alama za Juni zilipotoka, za kutisha, nilimweleza mama kwamba sekondari alama huwa chini kwa kila mtu, na hilo lilikuwa kweli kwa kiasi chake.

Ilifichuka Krismasi. Wasomaji wasiotoka Kilimanjaro nisiwachoshe na habari za Desemba yetu, mabasi yanavyopanda yamejaa, mbege inavyopikwa, vihamba vilivyokaa kimya mwaka mzima vinavyojaa magari. Baba yangu mdogo alikuja kutoka Dar es Salaam, na mama akatoa karatasi zangu kwenye sanduku ili amwonyeshe. Baba mdogo alisoma ile ya kwanza kwa sauti, akaitafsiri mstari kwa mstari, bila ubaya wowote, kama mtu anayesoma tangazo. Mama alikuwa anamenya ndizi za mtori. Hakuacha kumenya.

Usiku aliniita jikoni. Nilitegemea fimbo. Alisema, "Ulinipeleka kushukuru."

Hakusema neno jingine juu ya jambo hilo, na mpaka leo hajasema.

Nilipoanza kusoma maadili chuoni, jambo la kwanza nililofanya, kama wanafunzi wengi nadhani, ni kutafuta nadharia itakayonisamehe. Ipo. Unaweza kusema mtoto wa miaka 13 hakupaswa kupewa kazi ya kumtafsiria mzazi hukumu yake mwenyewe. Hakimu hampi mshtakiwa hukumu akamsomee mlalamikaji. Shule iliyoandika ripoti ya Kiswahili cha mama kwa Kiingereza cha mwalimu, ikaikabidhi kwa mtoto, ilikuwa imeshaamua kwamba mama atajua kile tu mtoto anachotaka ajue. Shule nyingi zilifanya hivyo. Sasa baadhi huandika barua ya mzazi kwa Kiswahili, ingawa maoni ya walimu wa masomo mara nyingi hubaki kwa Kiingereza.

Nakubali hoja hiyo yote, na bado nilidanganya. Mambo hayo mawili yanakaa pamoja bila moja kulifuta jingine. Ila hoja ile ilinifundisha kitu kuhusu mama. Kosa langu halikuwa kumnyima furaha au kumwongezea huzuni. Nilimnyima nafasi ya kukasirika. Angeweza kwenda shuleni akauliza: mtoto wangu alikuwa wa pili, amekuwaje bubu kwa wiki sita? Swali hilo alikuwa na haki nalo, na mimi, na ile karatasi, tulimnyang'anya, tukampa mkungu wa ndizi abebe.

Mama huyuhuyu huwezi kumdanganya kwenye mzani. Kilema ni kwao na kahawa: misheni ya mapadre wa Roho Mtakatifu ilifunguliwa hapa mwanzoni mwa miaka ya 1890, na shamba lao hutajwa miongoni mwa ya kwanza kabisa kulima kahawa mlimani. Wachaga walianzisha chama chao cha wakulima wa kahawa 1925, na KNCU ikafuata 1933, na moja ya sababu ilikuwa hiihii, kwamba mkulima apate kujua kahawa yake inauzwaje. Nimekua nikimwona mama kwenye kupima. Haweki gunia akasubiri kuambiwa kilo. Anazunguka upande wenye uso wa mzani, anainama, anasoma mwenyewe. Kama sahani ina kitu, anakitoa. Kama mshale haukuanzia kwenye sifuri, anasema, na karani anarekebisha bila kuona amedharauliwa, kwa sababu ndiyo kazi.

Na mfongo. Mfereji wa maji unaotoka juu kwenye msitu na kupita vihamba vya watu una zamu zake, na zamu zina ugomvi wake, na kikao cha mfongo hakina mtu wa kupiga makofi. Wazazi walewale wanaokuja shuleni wakakaa kimya na kuitikia "ndiyo mwalimu" nimewasikia kwenye kikao cha mfongo wakimhoji mzee wa mfereji hadi jioni. Si kwamba wao ni watu wa kukubali. Shuleni wameletewa mzani ambao uso wake umegeuziwa ukutani.

Nirudi kidogo kwenye historia, maana yule bibi aliuliza mjukuu wake anaumwa nini, na jibu la kweli lina umri mkubwa kuliko mjukuu.

Kiswahili kiliwekwa kuwa lugha ya kufundishia shule zote za msingi za umma mwaka 1967, na nia ilikuwa kipande ngazi mpaka sekondari. Hakikupanda. Mwaka 1982 tume ya rais iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza sekondari zianze kutumia Kiswahili kuanzia kidato cha kwanza mwaka 1985. Serikali haikufuata. Mwaka 1984 wataalamu wawili, Criper na Dodd, walipima Kiingereza cha wanafunzi wetu na kuonyesha kwamba sehemu kubwa ya wanafunzi wa sekondari hawakiwezi kiasi cha kusomea. Ungetegemea baada ya hapo lugha ibadilishwe. Kilichokuja ni mradi wa msaada: kuanzia 1987 Uingereza ilifadhili mradi wa kuimarisha ufundishaji wa Kiingereza, pamoja na vitabu vya hadithi vya kusoma. Vitabu vile ni vizuri, vimoja nimevisoma mwenyewe kwenye maktaba iliyojaa vumbi. Lakini tazama mpangilio wake. Vipimo vilisema mtoto haelewi, na jibu likawa kumsaidia mtoto. Lugha ikabaki palepale. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 iliandika kwamba Kiswahili kitatumika katika ngazi zote. Toleo la 2023, lililozinduliwa Dodoma Februari 2025, wiki chache baada ya kikao chetu, limekiacha Kiingereza kiendelee kufundishia sekondari.

Kwa hiyo mjukuu haumwi. Alihamishwa nyumba usiku, na kulipokucha akaambiwa hajui njia za humu ndani.

Katika kusoma nilikutana na kesi ya Lau dhidi ya Nichols, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1974. Huko San Francisco wanafunzi wapatao 1,800 wenye asili ya China walikuwa wamekaa madarasani bila msaada wowote wa Kiingereza. Shule zilijitetea kwamba zinawatendea sawa na wengine, walimu walewale, vitabu vilevile. Mahakama ikakataa: kumpa mtoto kila kitu sawa na wenzake katika lugha asiyoielewa ni kumfungia elimu nje. Kilichofuata ni utaratibu mrefu ambao wazazi wahamiaji kule wanauzoea, mtoto kupimwa lugha, kuwekwa kwenye programu, mzazi kuandikiwa. Yako mawili ndani yake yaliyonishika. Shule inatakiwa kuwasiliana na mzazi kwa lugha anayoielewa. Na mzazi, baada ya kuelezwa, anaweza kukataa mtoto wake asiwekwe kwenye programu hiyo.

Hili la pili lilinisimamisha. Maana lilinionyesha kipimo cha maelezo ya kweli. Kama nimekueleza jambo kwa namna ambayo huwezi kulikataa, nimekutangazia. Tangazo nalo lina kazi yake, nisilidharau, lakini nisiliite kuelewesha.

Tofauti yetu na San Francisco lazima isemwe pia. Kule mtoto anayejifunza Kiingereza ni mmoja kando ya wengi wanaokijua. Huku ni darasa zima, pamoja na, kwa heshima zote, baadhi ya walimu. Hakuna maana ya kumpima mtoto mmoja ukamwita dhaifu wakati wote wamevuka mto uleule na mtumbwi haukuletwa.

Niliporudi kwenye karatasi yangu siku ile, nilisoma jambo la kwanza, la pili na la tatu. La nne nililiruka. Nilimwona mwalimu wa taaluma ananiangalia.

Baada ya kikao alinifuata chini ya mti wa mparachichi. "Mbona hukuwaambia wazungumze Kiingereza nyumbani?"

"Mwalimu, bibi yule anaongea Kichaga na mjukuu wake. Kiswahili kwake ni cha sokoni na cha kanisani. Nimwambie aongee Kiingereza na nani?"

"Si lazima aongee. Ajue tu kwamba ni muhimu."

"Anajua. Ndiyo sababu amekuja."

Akanyamaza. Kisha akasema kitu ambacho sikukitegemea, na ndiyo maana sitaki mtu amwone mwalimu huyu kama adui wa hadithi. "Kozi hii naifundisha peke yangu. Mikondo mitatu, zaidi ya watoto sitini kila mkondo. Wiki zikiisha, zimeisha, mtaala haunisubiri. Ulitaka niwaandikie hivyo kwenye karatasi yako?"

"Ndiyo."

"Basi waambie wewe. Mimi nina mkuu wa shule, na mkuu ana afisa elimu."

Sikuwaambia. Wazazi walikuwa bado wamesimama makundi makundi uwanjani, sauti yangu ingefika, na sikuwaambia. Nilijieleza kwamba si mahali pangu. Labda haikuwa. Lakini nimeona jinsi ilivyo rahisi kuruka mstari: niliruka nikiwa na miaka 13 kwa kumwogopa mama, nikaruka nikiwa na 26 kwa kumheshimu mwalimu.

Badala yake nilijibu maswali ya mmoja mmoja, na hapo ndipo baba mmoja aliyekuja na bodaboda kutoka Himo alinibana kuliko bibi. Aliniuliza hivi: "Wewe msomi. Ungechagua mtoto wako asome sekondari kwa Kiswahili au Kiingereza?"

Ninachoamini ninakijua. Nimesoma hoja za Profesa Martha Qorro wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambaye kwa miaka mingi amesisitiza kwamba kufundishwa Kiingereza vizuri kama somo ni kitu kimoja, na kufundishwa kila kitu kwa Kiingereza usichokijua ni kitu kingine, na kwamba tumevichanganya. Mimi ni ushahidi wa hoja hiyo. Lakini mimi pia nimesoma chuo kikuu kwa Kiingereza, tasnifu yangu naiandika kwa Kiingereza, na ufadhili wangu niliuomba kwa Kiingereza. Nikimwambia baba yule achague Kiswahili, namwambia apite njia ambayo bado haijachongwa, na mwanawe ndiye atakayekwaruzwa na miiba. Nikimwambia Kiingereza tu, ndugu, jitahidi, nimemtuliza.

Nilimwambia yote mawili. Nilimwambia kwamba kama ningekuwa mpanga sera ningefundisha kwa Kiswahili na Kiingereza ningekiwekea walimu wazuri kama somo. Na kwamba kama ningekuwa yeye, kwa mwaka huu, mtoto huyu, ningempeleka kozi hata Jumamosi.

"Kwa hiyo hata wewe huna jibu," akasema.

"Sina moja."

Akacheka, akawasha pikipiki. Sijui kama nilimsaidia. Nafikiri angalau aliondoka akijua kwamba jambo lina pande, kwamba si mwanawe aliye mgonjwa, na kwamba waliosoma nao hawakubaliani. Anaweza kukasirika akitaka. Anaweza hata kunikasirikia mimi.

Kuna mtu atauliza, na mwenzangu mmoja wa darasa ameshauliza, kama hiki si kiburi kingine. Wazazi wana kazi. Wanataka kuambiwa cha kufanya, wasipewe mjadala. Dokta hakuelezi historia ya malaria, anakupa vidonge. Nimelifikiria hilo. Lakini dokta mzuri atakwambia ukiona hivi rudi, na ukiona vile acha. Ndicho nilichotamani ningekiandika kwenye ile karatasi mahali pa jambo la nne. Muulize mtoto jioni amesoma nini, akueleze kwa Kichaga au Kiswahili. Akiweza, ujue ameelewa, hata kama daftari lina makosa. Akikusomea tu Kiingereza asichoweza kukieleza, ujue hajaelewa, hata kama daftari lina tiki. Mzazi yeyote Kilema anaweza kupima hivyo bila kujua neno moja la Kiingereza. Huo ni uso wa mzani. Na akiona siku tatu mfululizo mtoto hana cha kueleza, aende shuleni, asibebe ndizi.

Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann alipita njia hizi akija Kilema kwa Mangi Masaki. Alipoona weupe juu ya mlima alimuuliza mwongoza njia wake, Mswahili wa pwani, ni kitu gani kile. Mwongoza njia alisema ni baridi. Rebmann akaelewa kwamba ni theluji, akaandika. Ulaya kulikuwa na msomi mmoja, Cooley, aliyebisha kwa miaka kwamba theluji haiwezi kuwa karibu na ikweta. Hadithi hii husimuliwa kama sifa ya Rebmann. Mimi huwa namfikiria mwongoza njia. Hakuwa na neno la theluji, na alichosema kilikuwa sahihi. Kama angekuwa kidato cha kwanza angeandikiwa kwamba hawezi kujieleza.

Mwishoni mwa Machi nilipanda tena, wikendi ya siku mbili. Jumamosi jioni yule bibi alikuja nyumbani, mjukuu nyuma yake, na karatasi imekunjwa mara nne kwenye pindo la kanga. Mama akampa kiti na kikombe cha chai. Bibi aliniambia mjukuu alishaisoma, ila anataka nami niisome, si kwamba hamwamini.

Kijana alisimama mlangoni akiangalia viatu vyake. Mama alikuwa jikoni, mlango wazi, naye amenyamaza kuliko kawaida.

Nilisoma polepole, mstari mmoja mmoja, kila ulichosema, pamoja na palipoandikwa kwamba haongei kabisa darasani, na kwamba mlezi afike. Bibi alisikiliza bila kunikatiza. Alimuuliza mjukuu kwa Kichaga swali fupi, kijana akajibu neno moja. Akaikunja karatasi upya, akaifunga kwenye pindo, akaniuliza mwalimu wa taaluma Jumatatu huingia saa ngapi.

Nikamwambia saa moja.

"Basi saa moja nitakuwa pale," akasema, akanywa chai yake.